Hina ya bi harusi isiyoishia rangi ya karoti: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Ramadhani ikikaribia, harusi za Dar husongamana wiki kwa wiki, na simu yangu hujaa picha zinazofanana: viganja vya bi harusi vyenye maua mazuri, yamechorwa kwa mkono uliotulia, lakini rangi yake ni ya karoti. Chini ya picha swali ni lile lile. "Dada, nimekosea wapi? Nikah ni kesho."

Nimechora hina Magomeni, Temeke na Mbagala kwa miaka mingi, na naweza kusema bila kusita kwamba hina nyingi nilizoona zimeharibika ziliharibiwa na saa. Imechanganywa ikapakwa papo hapo. Imekaa saa mbili ikaoshwa. Imepakwa Ijumaa usiku kwa harusi ya Jumamosi. Uzuri wa maua hauwezi kufidia hayo. Kwa hiyo humu nitataja saa mara nyingi, na nakuomba uzifuate kama zilivyo.

## Vitu vya kuandaa

- Unga wa hina ya mwili, gramu 100. Unatosha mikono miwili na miguu miwili ya bi harusi, na koni moja au mbili za akiba.
- Ndimu 12 hadi 15, kutegemea wingi wa maji yake.
- Sukari, vijiko 2 vya chakula, na kijiko kimoja cha ziada.
- Mafuta halisi ya lavenda, vijiko 2 vya chakula. Soma chupa: yawe mafuta ya mmea wenyewe. Manukato ya kujipulizia hayafai.
- Bakuli la kioo, udongo au plastiki, na mwiko wa mti. Acha sufuria ya alumini, maana maji ya ndimu huila.
- Chekeche laini na soksi ndefu ya nailoni, mpya.
- Karatasi ngumu ya nailoni, ile inayofungia maua na zawadi, pamoja na selotepu na pini.
- Pamba, mafuta ya nazi, na kisu cha mezani kisicho na makali.
- Mito miwili na kanga kuukuu mbili.

Kuhusu unga, nikae hapa kidogo, maana ndipo pesa inapopotelea. Kariakoo utaonyeshwa pakiti za kila aina, nyingi kutoka India, nyingine Sudani au Yemeni. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka hina ya kuchora mwilini. Hina ya nywele mara nyingi ni chenga, itaziba koni, na baadhi huongezwa vitu vingine. Fungua, tazama, nusa. Unga mzuri ni wa kijani, laini kama poda, na unanukia majani makavu. Uliogeuka kahawia, au usionukia chochote, umekaa rafuni kupita kiasi na rangi yake imekufa. Unga mweusi, au wenye harufu kali ya dawa, usiuingize nyumbani kwako.

## Piko nyeusi: tulimalize hili kwanza

Bi harusi wengi siku hizi wanataka maua meusi, au hina nyekundu iliyozungushiwa mistari myeusi. Nawaelewa, picha zake zinavutia. Lakini jani la mhina halitoi rangi nyeusi. Kinachouzwa kama piko nyeusi, ile inayokoza ndani ya nusu saa, mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Nchi za Ulaya zimeruhusu kemikali hiyo kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2, lakini kwenye ngozi hairuhusiwi.

Inapomkataa mtu, hutoa malengelenge yanayofuata mistari ya ua lenyewe, na yakipona yanaweza kuacha kovu lenye umbo hilo hilo. Wakati mwingine huanza siku kadhaa baadaye, bi harusi akiwa tayari kwa mumewe. Na mwili ukishaikataa mara moja, huikataa maisha yote, hata kwenye rangi ya nywele atakayopaka uzeeni. Mimi sichori piko hiyo, hata bi harusi akiongeza pesa.

Kuna pia wanaotia petroli au mafuta ya taa kwenye hina ili ikoze haraka. Usithubutu. Ni sumu kwa ngozi na ni hatari ya moto.

## Hatua ya 1: Hesabu siku kurudi nyuma

Hina ikibanduliwa huwa ya rangi ya chungwa. Hivyo ndivyo ilivyo hata kwa fundi bora mjini. Kiini cha rangi kilichomo kwenye jani, kinaitwa lawsoni, huingia kwenye tabaka la juu la ngozi na kushikamana na keratini, yaani protini ya ngozi, kisha huendelea kuiva chenyewe kwa hewa. Kilele chake ni kama saa 48 baada ya kubandua. Ukimpaka bi harusi usiku wa kuamkia nikah, unampeleka mbele ya watu na hina ambayo haijamaliza safari.

Tuchukue nikah ya Jumamosi alasiri. Ratiba yangu ni hii:

- Wiki moja kabla: jaribu hina nukta moja nyuma ya sikio au ndani ya mkono, usubiri siku mbili.
- Jumanne: singo (dawa ya asili ya kusugulia mwili) ya mwisho, na kutoa nywele za mikono na miguu.
- Jumatano saa mbili asubuhi: changanya hina.
- Jumatano baada ya Isha: chora.
- Alhamisi kabla ya Alfajiri: bandua.
- Jumamosi alfajiri: saa 48 zimetimia.

Nikah yako ikiwa Ijumaa au Jumapili, isogeze ratiba yote kwa siku moja. Ndani yake usipunguze kitu.

Nimeweka Isha na Alfajiri kwa sababu. Hina ikiwa bado imebandikwa, maji ya udhu hayafiki kwenye ngozi. Ikishabanduliwa, inayobaki ni rangi tu, haizuii maji. Kwa hiyo bi harusi anaswali Isha, anakaa kuchorwa, na anabandua kabla ya kuswali Alfajiri. Hapati shida na swala yake, na hina inapata usiku mzima.

## Hatua ya 2: Singo kwanza, hina baadaye

Kosa hili hufanywa na watu wenye mapenzi mema kabisa. Somo, yule mama anayemfunda bi harusi, anakuja Ijumaa na bakuli lake la singo, anamsugua bi harusi mwili mzima ang'ae, na kwenye viganja anaondoka na hina. Singo huondoa tabaka la juu la ngozi, na rangi iko kwenye tabaka hilo hilo.

Ongea na somo au shangazi mapema, kwa adabu, mkubaliane kwamba singo inaisha Jumanne. Ikifanyika kabla, inasaidia: ngozi iliyokufa imeondoka, hina inashika ngozi mpya na inadumu zaidi. Siku ya kuchora, bi harusi aoshe mikono na miguu kwa sabuni, akauke, asipake losheni wala mafuta. Mafuta huzuia hina isiingie.

## Hatua ya 3: Kuchanganya

Chekecha unga mara mbili hata kama pakiti imeandikwa kwamba umeshachekechwa. Chenga moja tu itaziba mdomo wa koni katikati ya ua.

Kamua ndimu, chuja maji yake. Mimina kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka upate mchanganyiko mzito kama ugali laini. Usiufanye mwepesi leo. Tia sukari vijiko viwili, koroga. Tia mafuta ya lavenda, koroga tena mpaka mabonge yaishe.

Ndimu inaachia rangi polepole ili isiishe nguvu mapema. Sukari inashika unyevu na kuifanya hina isipasuke ikikauka. Mafuta ndiyo yanayosaidia kukoza. Ngozi ya bi harusi ikiwa kavu au nyepesi kuwashwa, nusu ya maji ya ndimu unaweza kuiweka chai ya rangi iliyopoa.

Maji ya moto hapana, yanaichosha rangi kabla haijafika kwenye ngozi. Mafuta ya karafuu, ambayo wengi wetu tumerithi kutoka kwa bibi zetu, yanakoza kweli lakini yanaunguza. Ukiyatumia, yawe matone machache. Mjamzito na mtoto wachanganyiwe bila mafuta ya karafuu wala mkaratusi.

## Hatua ya 4: Kusubiri iive

Bandika nailoni juu ya hina yenyewe, igusane nayo, hewa isipite. Funika bakuli, weka mahali pa joto ndani ya nyumba, mbali na jua.

Kwa joto la Dar la kati ya Desemba na Machi, hina huiva kwa saa 8 hadi 12. Juni na Julai, upepo wa kusi ukivuma na usiku umepoa, inaweza kwenda hata saa 24, kwa hiyo miezi hiyo changanya Jumanne usiku.

Utajuaje imeiva? Funua. Juu imegeuka kahawia, chini bado kijani. Bandika nukta kwenye kiganja chako, subiri dakika 5, ifute. Ikiacha alama ya chungwa inayoonekana wazi, imeiva. Ikiacha kivuli hafifu, funika, rudi baada ya saa mbili. Hapa ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu wageni wameshafika, na hina mbichi inapakwa hivyo hivyo.

## Hatua ya 5: Kulainisha, kuchuja na kujaza koni

Sasa ongeza maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja mpaka hina iwe kama mtindi mzito. Inua mwiko: iteremke kama utepe usiokatika, na utepe huo ubaki juu kwa muda kidogo kabla ya kuzama. Ikidondoka matone, ni nyepesi na itatambaa nje ya mistari. Ikikatika vipande, bado nzito.

Tia yote ndani ya soksi ya nailoni, funga juu, kamua taratibu kwenye bakuli safi. Usiipite hatua hii.

Koni: kata nailoni mstatili wa takriban sentimita 15 kwa 20, kunja kuanzia kona moja, ncha iwe kali na imefungwa kabisa, bandika selotepu. Jaza theluthi mbili tu, kunja juu, bandika tena. Tundu la ncha lingane na kichwa cha pini. Jaribu kwenye karatasi kabla hujagusa mkono wa mtu.

## Hatua ya 6: Kuchora

Mkalishe bi harusi penye kiti cha kuegemea, ameshakula, ameshakwenda msalani, nguo yake ni dera au kanga tu. Zima feni. Najua ni joto, lakini feni hukausha hina kabla haijaingia, na kwa kazi hii joto ni msaada.

Anza na mikono, malizia na miguu. Ngozi ya kiganja na unyayo ni nene na hukoza haraka. Ya nyuma ya mkono na ya juu ya mguu ni nyembamba na inahitaji saa nyingi. Kwa hiyo katika mikono pia, anza nyuma kisha ugeukie viganja. Mikono ikimaliza, ilaze juu ya mito, uingie miguuni.

Usiburute ncha ya koni juu ya ngozi. Iinue kidogo, uuache uzi wa hina ujilaze wenyewe. Na tafadhali, mistari iwe na unene. Mistari myembamba kama unywele inapendeza ikiwa mbichi, lakini hina yake ni kidogo mno na rangi itakuwa hafifu. Bi harusi anayetaka maua yaonekane meusi kwenye picha, nampa maua makubwa yaliyojazwa, na nafasi tupu ya kutosha kati yake. Ngozi iliyoachwa wazi huifanya hina ionekane nzito zaidi.

Ukikosea, futa papo hapo kwa pamba yenye maji ya ndimu kidogo. Ukisubiri dakika mbili, alama itabaki.

Mikono na miguu ya bi harusi huchukua saa tatu hadi nne. Ukianza saa mbili usiku, utamaliza karibu saa sita.

## Hatua ya 7: Usiku wa hina

Hina ikikauka juu lakini bado haijaanza kubanduka, koroga kijiko kimoja cha sukari na maji ya ndimu moja, chovya pamba, gusagusa juu ya maua. Gusa tu, usisugue. Maji haya huigundisha hina kwenye ngozi na kuizuia isidondoke. Mara mbili inatosha, ikizidi maua yatayeyuka na kutiririka.

Sukari ina adui wake mjini hapa. Kuna binti mmoja nilimwacha Temeke saa saba usiku, amelala kwenye mkeka chini, mikono juu ya mto, kila kitu kiko sawa. Saa tisa mama yake ananipigia: sisimizi wametoka chini ya mlango kwa mstari mmoja, wamepanda mto, wako kwenye viganja vya bi harusi, naye analia lakini hataki kuisogeza mikono. Tangu siku hiyo simlazi bi harusi chini. Alale kitandani, kitanda kisiguse ukuta, na miguu ya kitanda iwekwe kwenye vikopo vya maji kama nyumba ina sisimizi. Juu ya maua ikikauka, funika kwa tishu kisha kanga kuukuu, ifungwe kwa kulegea.

Lengo ni saa 8 kwa mikono, na zisipungue 5 au 6 kwa miguu.

Kazi ya shangazi au dada anayelala naye ni moja: asimruhusu mtu yeyote kumwosha bi harusi usiku huo kwa kumwonea huruma.

## Hatua ya 8: Kubandua bila maji

Kwangua kwa mgongo wa kisu cha mezani. Palipogoma, paka mafuta ya nazi, subiri dakika chache, kwangua. Usitumie maji wala sabuni.

Utaona chungwa. Mwambie bi harusi kabla hajatazama, maana nimeshaona machozi ya bure. Mpake mafuta ya nazi.

Kwa saa 24 zinazofuata, maji yawe ya udhu tu, bila sabuni na bila kusugua, akaushe kwa kugusagusa, apake tena mafuta ya nazi kidogo. Vyombo, nguo, dawa ya kutoa madoa, kuogelea baharini, vyote vimsubiri. Kuoga aoge, lakini apake mafuta mikononi na miguuni kabla.

Alhamisi jioni rangi itakuwa ya matofali. Ijumaa, kahawia yenye wekundu. Jumamosi asubuhi, viganja na nyayo ziwe rangi ya tende iliyoiva, nyuma ya mkono iwe nyepesi kidogo kuliko kiganja. Tofauti hiyo haimaanishi umekosea, ni ngozi ilivyo. Kisha itafifia taratibu kwa wiki moja hadi tatu, mikono ikitangulia.

## Nani asipakwe

Mtoto mchanga asipakwe, hata kwa Idi, hata kidogo tu. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD asipakwe pia, awe mtoto au mtu mzima, kwa sababu hina halisi inaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu. Anayepakwa akageuka wa manjano machoni, mkojo ukawa mweusi au akaishiwa nguvu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe kuhusu hina.

Nukta ya majaribio ikiwasha au kuvimba, hakuna hina.

## Koni zilizobaki

Zitie kwenye mfuko usiopitisha hewa, uzigandishe kwenye friza siku hiyo hiyo. Zitafaa kwa miezi kadhaa. Ukizihitaji, zitoe saa moja kabla, ziyeyuke zenyewe. Koni ikilala mezani siku mbili tatu kwa joto letu, itupe.

## Kama nikah ni kesho na rangi bado ya karoti

Usikimbilie piko. Fuata kwa koni mistari ile ile, hina juu ya hina, leo usiku baada ya Isha. Viganja na nyayo kwanza, maana ndipo panapopokea haraka, kisha nyuma ya mkono kama muda upo. Gusa maji ya ndimu na sukari, funika, alale hivyo. Kabla ya Alfajiri akwangue, apake mafuta ya nazi, na kabla hajavalishwa apashe viganja juu ya chetezo cha udi, mbali kidogo, avisikie vikipata joto. Haitafika rangi ya tende. Mara nyingi hufika ya matofali, na kwenye picha za alasiri, penye dhahabu na shela jeupe, inaonekana vizuri.